Kamera Niliyowaficha Wenye Miguu

Mliniacha wiki iliyopita nimekaa kwenye benchi mbele ya akina mama wa chama, kichwa chini, kama mtoto aliyevunja chupa ya chai.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ndiye mtunza funguo wa chama chetu cha masufuria. Mtu akiozesha au akifiwa, masufuria yetu, sinia zetu na miiko yetu huenda kwake, nasi nyuma yake kwenda kupika. Vyombo vinalala kwenye stoo nyuma ya nyumba yangu, chumba cha mawe kisicho na dirisha wala waya wa umeme. Ukifunga mlango adhuhuri, ndani ni kama usiku wa manane.

Ufunguo ni mmoja. Mchana uko kiunoni kwangu kwa kamba, usiku uko chini ya mto.

Basi vyombo vikaanza kupotea. Kwanza mfuniko. Kisha mwiko mkubwa. Kisha sinia. Na kufuli haina hata mkwaruzo.

"Mwizi gani huyu," aliuliza Mwenyekiti, "anayefunga mlango akitoka?"

Mwenyekiti wetu tunamwita Mama Kengele, maana akianza haachi mpaka mtu aamke.

Sheria ya chama ni fupi. Chombo kikipotea, mtunza funguo aseme kimekwenda wapi. Akishindwa, anatolewa. Na aliyetolewa, siku ya msiba wake hakuna sufuria litakaloingia uani kwake. Watu watakuja, watalia, wataondoka na njaa, na njaa ile wataisimulia.

Sikujihofia mimi. Nilimhofia Mzee wangu. Tangu aanguke kutoka juu ya paa yuko kitandani, kiuno kimekufa. Namgeuza, namwosha, namlisha uji kwa kijiko. Kila nikimtazama najiuliza: siku ikifika, mtu huyu nitamzika vipi bila chama?

"Nipeni mpaka kikao kijacho," niliwaambia. "Nitawaletea sura ya mwizi."

Neno likishatoka halirudi. Asubuhi yake nikaenda kutafuta kamera.

*

Duka lenyewe lina televisheni ukutani, na ndani ya televisheni nilimwona mwanamke mfupi amesimama kilemba upande. Nikakaza kilemba. Naye akakaza.

Muuzaji alikuwa baba mnene, miwani kaipandisha kichwani.

"Karibu bibi. Kamera ya geti au ya sebuleni?"

"Ya gizani."

"Giza la namna gani?"

"La kunyoosha mkono usiuone."

"Umeme upo?"

"Ungekuwepo lingekuwa giza?"

Akacheka, akairudisha kabatini kamera moja nyeupe nzuri yenye shingo kama bata.

"Mtandao nyumbani unao?"

"Wa buibui."

Akaleta nyingine, ya kutia laini ya simu. Mtu akipita tu, picha inakujia papo hapo, hata uwe sokoni.

"Inakula bando?"

"Kidogo tu, bibi."

"Kidogo kwa tumbo la nani?"

Nikamtolea simu yangu. Akaitazama kwa heshima, kama mtu anayeangalia picha ya marehemu. Simu yangu inajua salamu na kukatika, picha haijapata kuiona. Kamera ile ya laini nayo ikarudi kabatini.

Ndipo akashusha kijisanduku cha rangi ya majani makavu, ukubwa wa tofali la sabuni. Akasema hicho watu hukifunga kwenye miti kupiga picha za wanyama. Kinatumia betri za tochi. Picha zinakaa kwenye memori ndani yake, na kina kioo chake kidogo cha kuzitazamia.

"Muda wote kimelala," alisema. "Kikipitiwa na kitu chenye joto la mwili, kinaamka, kinapiga picha tatu, kinalala tena."

"Kama mama mwenye kichanga."

"Kabisa."

"Kinaamka upesi?"

"Kufumba na kufumbua."

"Mimi nikifumba baada ya chakula cha mchana nafumbua jioni. Nionyeshe."

Nikamwingiza kwenye stoo yake ya maboksi, tukazima taa, nikamwambia apite. Mara ya kwanza aliijia kamera uso kwa uso. Ikatoa picha ya ukuta mtupu, halafu pua. Nikamwambia arudie, apite ubavuni. Safari hii akatoka mzima mzima, na tumbo lake lote.

"Umeona?" nikasema. "Mtu akiijia moja kwa moja inachelewa. Lazima akatize mbele yake."

"Bibi, ulikuwa unafanya kazi gani zamani?"

"Kulea watoto wa kiume."

Zikabaki za namna mbili. Ya bei nafuu ikipiga picha gizani, vijitaa vyake vinawaka wekundu kidogo, kama makaa yanayokufa. Ya pili haiwashi chochote cha kuonekana, ila picha yake ina ukungu na bei yake imepanda ngazi.

Nikawaza: mwizi akiona makaa ukutani ataondoka nayo. Nikataka ile isiyoonekana. Tulivutana bei mpaka miwani ikamshuka puani, tukakubaliana kwenye thamani ya mbuzi wangu jike, ambaye siku hiyo hiyo aliondoka uani akinilalamikia.

"Memori usinunue ya barabarani," alinionya. "Juu zimeandikwa ghala, ndani ni kiberiti. Na ikishapiga picha, tuipumzishe kidogo au sana?"

"Sana. Kuku wangu wanapenya chini ya mlango. Sitaki betri ziishe kwa kuku."

Shikeni hapo, tutapahitaji.

*

Nyumbani nilikutana na mkaza mwana wangu mlangoni. Mume wake, mwanangu, anafanya kazi mbali, hivyo nyumba ni yetu sisi wawili na Mzee.

"Mama, umebeba nini?"

"Dawa ya baba mkwe wako."

Nilimficha yeye. Nikawaficha majirani. Nilimficha kila mwenye miguu ya kumfikisha stoo, isipokuwa Mama Kengele, ambaye alikuja mwenyewe tukaiweka pamoja, ubavuni mwa mlango, katikati ya vikapu vikuukuu. Kisha akaubandika mlango wa betri kwa karatasi ya gundi na kutia saini juu yake.

"Si kwamba sikuamini, Mama Funguo," alisema.

"Ila?"

"Ila sikuamini."

Tukacheka. Siku zile tulikuwa bado tunacheka.

Jioni nikampa Mzee uji wake, na kwa kuwa mtu hawezi kukaa na jambo peke yake bila kuvimba, nikamwambia yote. Mtu asiyeweza hata kugeuka kitandani, utamficha nini?

"Inaona gizani?" aliuliza.

"Inaona. Ila rangi haipati. Kila kitu kijivu."

"Na sura?"

"Mpaka mtu aitazame."

"Umeiweka wapi?"

Nilikuwa namjibu, uji ukamwagika kifuani. Nikakimbilia kitambaa, na nilipomaliza kumfuta tulikuwa kwenye habari nyingine.

"Una akili, mke wangu," alisema.

Nililala nimenenepa kwa sifa.

Siku chache baadaye nikaenda zahanati kumchukulia dawa. Foleni ya pale ni ya kusukumana, na wenye vidole vyepesi hawakosekani. Nikaona ufunguo wa watu nisitembee nao. Nikaufungua kiunoni nikausukuma chini ya mto wa Mzee. Pako wapi salama zaidi ya chini ya kichwa cha mtu asiyeondoka?

Na ninawakiria jambo jingine. Asubuhi ya kikao nilipofungua stoo nikakuta Tembo hayupo, yule sufuria mama wa masufuria yote tunayepikia harusi nzima, sikulia. Nilifurahi. Nilisimama gizani nikaitazama kamera yangu katikati ya vikapu, karatasi ya Mama Kengele haijaguswa, nikaiambia, "Haya mwanangu, uko naye tumboni."

*

Sebule ilijaa. Mama Kengele aliikagua saini yake, akaikata karatasi kwa ukucha, akawasha kioo. Vichwa vikasogea mpaka harufu za mafuta ya nywele zikachanganyika.

Picha ya kwanza ilikuwa mlango. Ya pili, mdomo wa njano.

"Mwizi ana manyoya!" alisema mama mmoja mwenye mwanya, ambaye sikio lake halilali wala ulimi wake.

Kuku. Kuku na vifaranga. Kuku kageuka. Kisha mtu kainama anafagia, na kwa namna kamera ilivyokaa, kilichoonekana zaidi si uso.

"Huyo sitaki kuulizwa ni nani," nilisema.

Walicheka mpaka mmoja akatafuta pa kujishikiza. Mimi nilicheka kuliko wote. Paka akapita. Kuku tena.

Halafu Mama Kengele akaacha kucheka.

Kwenye picha mlango uko wazi, mwanga wa nje umemeza kila kitu, na katikati ya mwanga kuna kivuli cha mtu. Picha iliyofuata mlango umefungwa, mambo yamekuwa kijivu, na mtu anaonekana kwa nyuma. Amevaa sweta yenye mfuko unaoning'inia. Kichwani kilemba kimefungwa fundo kwa nyuma, masikio mawili ya fundo yamesimama kama ya sungura.

Sweta hiyo ilikuwa mwilini mwangu wakati ule ule. Kilemba, fundo hilo hilo.

Hakuna aliyenigeukia mara moja. Waligeuka mmoja mmoja, kama watu wanaochungulia jeraha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema yule wa mwanya, "na sisi nguo tumeiona."

"Si mimi," nilisema. "Lete hapa."

Nikakisogeza kijisanduku machoni. Nikarudi picha ya mlango. Kile kivuli kilikuwa kimeinamisha kichwa kupita chini ya boriti.

Wasomaji wangu, mimi ni mfupi. Kwenye mlango ule napita na ndoo kichwani. Tangu nyumba ijengwe sijawahi kuinama pale.

Nikaenda picha ya tatu. Mtu kasimama kwa mguu mmoja, na kwa unyayo wa mguu mwingine anajikuna muundi, taratibu, kama mtu anayefikiria aanzie wapi.

Mguu ule naujua. Nilichungulia dirishani nikauona ukifanya vile vile siku ulipokuja kuniposa, baba yangu anauliza maswali nao unajikuna. Na asubuhi ya siku ile ya kikao niliunyoosha na kuukunja kwa mikono yangu miwili, ili usikakamae.

"Tunakusikiliza," alisema Mama Kengele.

Niseme nini? Niseme ni Mzee? Wanawake wale kila wiki walikuja kuketi kando ya kitanda chake. Walimfulia mashuka. Walimletea unga na sabuni, na yule wa mwanya alilia mpaka akatolewa nje. Wangeniuliza: na wewe unayelala naye, hukujua kama miguu inatembea? Nani angeamini kwamba sikujua? Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamini.

Nikikana, ni mwizi. Nikisema kweli, ni tapeli na mume wangu tapeli. Mlango huku umefungwa, na huku umefungwa, nami ndiye mtunza funguo.

"Nipeni nafasi nimpe Mzee dawa yake," nilisema.

"Mpe. Sisi tupo."

*

Alikuwa amelala kama nilivyomlaza, blanketi kidevuni, macho yamefungwa. Nikarudisha mlango nyuma yangu.

"Inuka."

Nikamsogelea sikioni.

"Nimekuona. Unajikuna muundi."

Macho yakafunguka. Nilitazamia nione aibu, au hofu. Haikuwemo hata moja.

"Punguza sauti," alisema.

"Unatembea."

"Natembea."

"Tangu lini?"

"Hilo si la leo."

"Nimekuosha!" Nilisema kwa kunong'ona. "Nimekugeuza, nimekutafunia nyama! Mgongo wangu umeisha kwa ajili ya mgongo wako!"

"Najua, mke wangu. Sasa nisikilize. Waambie ni wewe."

"Nini?"

"Sweta ni yako. Kilemba chako. Nilivaa ili iwe hivyo, maana hukuniambia umeiweka wapi na taa yake sikuiona." Alisema kama mtu anayeeleza alivyokosa basi. "Wewe watakutoa kwenye chama, basi. Mimi ikijulikana natembea, kuna watu watakuja hapa. Na hawatakuja kupika."

"Watu gani?"

Akageukia ukutani. Akageuka mwenyewe, wepesi, kama mwanamume yeyote anayegeuka kitandani kwake. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko picha.

"Vyombo vyote vitarudi," aliuambia ukuta. "Nipe muda tu."

"Mama Funguo!" Kengele ililia kutoka sebuleni. "Ni dawa gani hiyo isiyoisha?"

Nilisimama pale nimeshika chupa ya dawa. Dawa ya kiuno. Nimeipangia foleni. Mkononi ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Nikatoka.

Mkaza mwana wangu alikuwa anaingia na sinia ya chai kutoka jikoni, akasimama aliponiona uso. Nikapita mbele yake, nikafungua kamba kiunoni, nikaweka ufunguo mezani.

"Ni mimi," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hayakuja. Mama Kengele aliketi taratibu, akautazama ufunguo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mfuniko ulichukua wewe."

"Mimi."

"Mwiko na sinia."

"Mimi."

"Na Tembo?"

"Na Tembo."

Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi. Kisha akainua macho, na nikaona kwamba hakuwa amemaliza.

"Tembo akiwa mtupu hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja huku. Wewe na mimi tumembeba mara ngapi? Na mlango ule hapiti mpaka alazwe ubavu, mmoja nje anavuta, mmoja ndani anasukuma." Akakigusa kijisanduku kwa kidole. "Hiki kilipiga picha tatu kikalala usingizi wako wa kuku. Kwa hiyo tuambie wewe. Upande wa pili alishika nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Uongo wangu ulikuwa na mkono mmoja.

Na papo hapo likaniingia la pili, baridi, tangu utosini. Hata Mzee, na hiyo miguu yake yote, asingeweza kumtoa Tembo peke yake.

"Nani, Mama Funguo?"

Nyuma yangu vikombe vililia kwenye sinia. Mkaza mwana wangu aliitua mezani pembeni ya ufunguo, akapangusa mikono kwenye nguo.

"Ni mimi, Mama Mwenyekiti," alisema.

Nilimgeukia. Nilitaka nione kama ananiokoa au anasema kweli, maana mtoto yule tangu aolewe hajaniacha nibebe hata ndoo ya maji peke yangu. Lakini macho yake hayakuwa kwangu, wala kwa Mwenyekiti.

Alikuwa anautazama mlango wa chumba cha Mzee. Nikatazama nami, wakatazama wote.

Kitasa kilikuwa kinashuka.